UZI: Mashine ya kufulia ya kifuniko cha juu inafua lakini haikamui

FundiTudor

Assalam aleikum nyote. Malalamiko ya mashine inayofua vizuri, ikifika kukamua inanguruma tu au inazunguka kivivu hadi nguo zinatoka zachuruzika maji, yamejaa humu na majibu yake yametawanyika kila pembe. Tuyakusanye hapa. Naanza na zile otomatiki za kifuniko cha juu, zenye sahani ya kusukuma maji chini ya dramu na mota ya mkanda, kwa sababu ndizo nyingi majumbani. Za mapipa mawili zina mambo yake, anayezijua atatujuza.

Mtu asishike spana kabla ya kuelewa mwendo unapita wapi. Mota huzungusha puli ndogo, mkanda huipelekea nguvu puli kubwa, na puli kubwa imefungwa chini ya klachi. Ndani ya klachi mna shafti mbili, moja imepita ndani ya nyingine: ya ndani imeshika sahani, ya nje imeshika dramu. Mashine ikifua, breki ya utepe huizuia dramu na sahani peke yake huenda kushoto na kulia. Ikifika kukamua, mota ndogo ya pembeni, ile tuiitayo mota ya dreni, huvuta wenzo. Mvuto huo mmoja hufungua valvu ya maji machafu, huachia breki, na huondoa kidole cha chuma kwenye gurudumu la meno ili springi iliyozungushwa ndani ya klachi ijibane na kuzifunga zile shafti pamoja. Hapo ndipo dramu nzima huzunguka, tena upande mmoja tu.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza kifaa gani kimekufa, uliza mwendo umepotelea wapi. Plagi ikiwa nje, piga mstari wa chaki kwenye puli ndogo na mwingine kwenye puli kubwa. Kisha weka simu sakafuni chini ya mashine, kamera ikitazama juu na tochi imewaka, urekodi video huku ukiiendesha kwenye kukamua peke yake, bila maji. Puli ndogo ikijivuta au ikitetemeka bila kuzunguka, shida ni umeme, kapasita (kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza) au mota yenyewe. Ndogo ikienda kasi na kubwa ikijivuta, ni mkanda. Kubwa ikienda kasi na dramu ikijivuta, ni klachi, breki au wenzo. Zote zikienda sawa kisha mashine ikasimama yenyewe na kuanza kujaza maji upya, nguvu ipo, kilichokosekana ni usawa wa dramu. Na kama hakuna hata kimoja kinachojaribu kuzunguka, tazama maji na kifuniko kabla ya kuilaumu bodi.

BintiMshomoroni

Waaleikum salaam. Yangu ni hiyo ya mwisho. Ikimaliza kufua inakaa kimya na maji ndani, baadaye inapiga kelele na kuandika OE. Mpira wa maji machafu umepandishwa juu ya kizingiti cha bafu ndipo ukashuka kwenye tundu.

KapasitaNaMkanda

Dada, OE kwenye LG maana yake maji hayatoki. Samsung huandika 5E au 5C kwa shida hiyo hiyo. Na umeshajijibu mwenyewe: ni kizingiti.

Inamisha mashine kidogo uangalie kama ina pampu. Nyingi za aina hii hazina, maji hutoka kwa mteremko tu, yaani valvu ikifunguka yanashuka yenyewe. Mpira wa mashine kama hiyo unatakiwa ulale chini moja kwa moja mpaka kwenye tundu, na mahali popote usipande zaidi ya sentimita 10 hivi kutoka sakafuni. Ukiupitisha juu ya kizingiti, maji ya chini hubaki, sensa inaendelea kuyaona, na mashine hairuhusu kukamua. Hata ikiruhusu, dramu itakuwa inazunguka huku imezama, na mota ile haina nguvu ya kusukuma maji hayo. Toboa kizingiti upitishe mpira, au ijengee mashine jukwaa la saruji. Usiurefushe kwa mpira mwembamba, wala usiache sehemu ikipinda kama goti, hewa hunasa hapo.

Kama ina pampu mambo ni kinyume: ncha ya mpira iinuliwe, kwa kawaida kama sentimita 90 hadi mita moja, la sivyo maji hutoka yenyewe hata wakati wa kujaza.

Mpira ukiwa sawa na maji bado hayatoki, fungua kichwa cha valvu. Ni kofia ya plastiki inayozungushwa, ndani kuna springi na mpira wa kuziba. Usishangae ukikuta soksi ya mtoto, sarafu, pini ya nywele au waya wa sidiria.

FundiTudor

Niongeze jambo ambalo hupotosha wengi: maji yametoka yote, dramu iko kavu, lakini mashine bado inadhani ina maji. Kuna kimpira chembamba kinachotoka ubavuni chini ya pipa la nje, lile linaloshika maji kuizunguka dramu, kwenda hadi kwenye sensa ya maji juu, karibu na bodi. Sensa haigusi maji, hupima hewa iliyobanwa ndani ya kimpira hicho. Uji wa sabuni ukiziba chini, hewa hubaki imebanwa. Kichomoe upande wa sensa, puliza kuelekea chini kwa mdomo mpaka usikie hewa inatoka kwenye pipa, kisha ukirudishe bila kukikunja. Usipulize kuelekea kwenye sensa, utando wake ni mwepesi.

Povu nalo. Unga wa kufulia kwa mkono umetengenezwa utoe povu jingi. Povu likibaki chini ya dramu huibana kama breki, na kwenye mashine za pampu huifanya pampu inyonye hewa. Ukiona povu linatoka kwenye mpira wakati wa kukamua, punguza unga nusu, usuuze mara moja zaidi.

MkaziWaKisauni

Mimi asubuhi yakamua vizuri kabisa. Saa moja usiku ikifika yalia mmm, inazunguka kidogo kisha inazima. Mashine iko barazani, inatumia ekstensheni kutoka sebuleni.

MzeeWaSpana

Ndugu, hapo mashine huenda haina kosa. Umeme wetu Kenya ni volti 240, hezi 50. Jioni mtaa mzima ukiwasha vitu, volti hushuka, na ekstensheni nyembamba huzidi kuzipunguza mota inapoanza. Nguvu ya mota ya aina hii haipungui sawa na volti, hupungua kwa mraba wake. Ukipata 190 badala ya 240, nguvu ya kuanzia imebaki kama asilimia 63. Kufua kutaendelea kwa sababu giaboksi ya sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati) ndani ya klachi humsaidia mota, lakini kukamua humtaka aiondoe dramu nzima na nguo zake kutoka kwenye kusimama.

Pima hivi: weka mita kwenye volti za AC kwenye soketi ile ile ya ekstensheni, na usome wakati mota inajaribu kuanza, si wakati imetulia. Kisha chomeka mashine moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani upime tena. Tofauti ikiwa kubwa, ekstensheni ndiyo mbaya. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba au zaidi, na usiiache imezungushwa kwenye gurudumu lake. Ikiwa hata ukutani volti ziko chini, stabilaiza inayobeba mzigo wa kuanzia wa mota itasaidia. Fridge guard haipandishi volti, hukata tu, kwa hivyo usitumie pesa zako hapo kwa shida hii.

Tena barazani: hakikisha erthi ipo. Hewa ya chumvi hufanya vumbi la bodini na kwenye plagi lipitishe umeme, na mwili wa mashine ukianza kutekenya mkono uliolowa, chomoa, usiendelee kufua.

KapasitaNaMkanda

Umeme ukiwa sawa na mota bado inalia bila kuanza, kapasita ndiyo ya kwanza kushukiwa. Dalili yake: ukiondoa mkanda na kuisaidia puli ndogo kwa kijiti, inashika mwendo upande wowote uliousukumia. Kijiti, si kidole.

Kapasita ya mota hizi huwa kati ya mikrofaradi 8 na 15, volti 450 za AC, na imeandikwa mwilini. Kabla ya kuigusa, ondoa chaji kwa balbu ya zamani ya waya ya wati 60 au rezista, shikilia sekunde chache. Ile tabia ya kugusisha bisbisi huchoma vituo na kuiumiza kapasita. Kisha chomoa waya mmoja upime kwa mita yenye kipimo cha mikrofaradi. Iliyoandikwa 10 yenye tofauti ya asilimia 5 inatakiwa isome kati ya 9.5 na 10.5. Ikisoma 7, tupa, hata kama haijavimba wala kuvuja. Ukinunua, namba iwe ile ile. Kuongeza mikrofaradi ili "ipate nguvu" huichemsha mota, na kununua ya volti 250 kwa sababu ni rahisi ni kuitega ipasuke.

Kapasita ikiwa nzima, pima mota. Zile za kwenda pande zote mbili zina waya tatu: mmoja wa pamoja na miwili ya pande. Kutoka wa pamoja hadi kila mmoja wa ile miwili upate omu zinazokaribiana sana, na kati ya ile miwili upate jumla yake. Upande mmoja ukiwa wazi au umepungua mno, mota ni ya kuwaindi upya au kubadilishwa. Pima pia kati ya kila waya na mwili wa mota: isionyeshe njia kabisa.

LikoniFeri

Nina mashine iliyokuja na kontena kutoka Saudia. Kapasita mpya, mkanda mpya, volti 240. Inakamua polepole na baada ya dakika kadhaa mota inazima yenyewe, ikipoa inaendelea. Mafundi wawili wamesema klachi.

FundiTudor

Soma kibandiko cha nyuma kabla hujanunua klachi. Kikisema 220V 60Hz, umepata jibu. Saudia hutumia hezi 60, Kenya ni 50. Plagi yake ya pini tatu inaingia kwetu sawasawa, ndiyo maana watu hawashuku. Za kutoka Dubai hazina taabu hiyo, kule pia ni 50.

Kasi ya mota hizi hufuata hezi. Mota yenye ncha nne za sumaku kwa hezi 60 ina kasi ya msingi ya mizunguko 1800 kwa dakika, kwa 50 ni 1500. Umepoteza sehemu moja ya sita kabla ya chochote kuharibika. La pili ni baya zaidi: imetengenezwa kwa volti 220 kwa hezi 60, kama 3.7 kwa kila hezi. Wewe waipa 240 kwa 50, yaani 4.8, karibu theluthi moja zaidi. Chuma cha mota hushiba sumaku, mkondo hupanda, inachemka, na swichi ya joto iliyo ndani inaikata. Hiyo ndiyo kuzima na kurudi unakokuona.

Kuna watakaokuambia uweke puli ndogo iliyo kubwa kidogo ili kasi irudi. Kasi itarudi, lakini unaongeza mzigo kwa mota ambayo tayari inachemka. Dawa ni mota ya hezi 50 yenye wati zile zile, shafti ya unene ule ule na matundu ya kufungia yanayolingana, pamoja na kapasita ya mota hiyo mpya, si ya zamani. Mashine za inveta zimesalimika, kwa sababu umeme hugeuzwa kuwa DC kwanza ndipo bodi itengeneze hezi zake.

LikoniFeri

Kibandiko chasema 60Hz. Shukran sana.

BambuliBoy

Video yangu ya simu: puli kubwa inazunguka kasi, dramu inazunguka vizuri ikiwa tupu, nguo zikiwamo inaanza kisha inajivuta, na kuna harufu ya kuungua. Harufu si ya mpira wa mkanda.

MzeeWaSpana

Harufu hiyo ni utepe wa breki kama haujaachia wote, au springi ya klachi inateleza. Anza na breki, ni rahisi na mara nyingi ndiyo.

Chomoa plagi. Ukiwa chini ya mashine utaona wenzo wa chuma ubavuni mwa klachi, na kamba au chuma kinachotoka kwenye mota ya dreni kuja kuuvuta. Kwanza usiuvute: zungusha puli kubwa kwa mkono, sahani peke yake izunguke na dramu ikae. Sasa vuta wenzo mpaka mwisho, uufunge kwa waya ukae hapo, uzungushe puli kuelekea upande wa kukamua. Dramu ifuate mara moja bila kusita. Mwombe mtu aizuie dramu kwa mikono miwili huku wewe ukizungusha puli. Ikiwa puli yateleza kwa urahisi, springi imelegea au imepata mafuta ya giaboksi, na hapo klachi nzima hubadilishwa. Kuisafisha kwa petroli kutakupa siku chache tu za furaha.

Ukiuvuta kwa mkono kila kitu kiko sawa, basi klachi ni nzima, mvuto wa mota ya dreni ndio haufiki mwisho. Kwenye kichwa cha wenzo kuna skrubu ndogo yenye nati ya kufungia. Mashine ikiwa kwenye kufua, kati ya skrubu hiyo na wenzo kuwe na nafasi ndogo, milimita moja au mbili. Nafasi ikizidi, sehemu ya mvuto hupotea bure, breki inaachia nusu, ndiyo harufu yako. Ikikosekana kabisa, kidole hakirudi kwenye meno vizuri, na utaona dramu inaifuata sahani wakati wa kufua. Legeza nati, geuza skrubu nusu mzunguko, jaribu, kisha kaza nati bila kuiacha skrubu igeuke nayo.

Huku kwetu tazama pia kutu kwenye ekseli ya wenzo. Hewa ya bahari huila, wenzo unakwenda lakini haurudi. Msasa laini na grisi kidogo kwenye ekseli peke yake. Grisi ikifika kwenye utepe wa breki umejitengenezea kazi nyingine.

KapasitaNaMkanda

Na ikiwa mota ya dreni haivuti kabisa, usikimbilie kununua. Weka mita kwenye plagi yake mashine ikiwa kwenye kukamua, kifuniko kimefungwa. Volti zikifika na haivuti, imekufa. Zisipofika, rudi nyuma: swichi ya kifuniko, kiunganishi cha waya, kisha triaki yake (swichi ya kielektroniki) kwenye bodi. Viunganishi vya hapa hugeuka kijani. Visafishe kwa spirit na mswaki, vikauke, ndipo ujaribu tena. Ziko pia zinazovuta kisha zinaachia baada ya sekunde chache kwa sababu gia ya plastiki ndani imelika. Dramu iko kasini, breki inashika ghafla, utasikia mlio mkali. Hiyo usiiendeshe tena.

Angalizo: mota yako ya dreni ikiwa ya sumaku ya DC, mita ya AC itakudanganya. Soma kibandiko chake kwanza.

MwanaMajengo

Kwa nini msiseme tu watu waunganishe waya za swichi ya kifuniko? Dakika mbili, mashine inakamua. Mafundi wengi wa mtaani hufanya hivyo.

FundiTudor

Kwa kupima, sawa: plagi nje, unganisha, jaribu mara moja, plagi nje, ondoa. Kuiacha hivyo hapana. Dramu ya otomatiki huenda mamia ya mizunguko kwa dakika, na nguo iliyolowa ikijizungusha kwenye mkono wa mtoto haisubiri breki. Tena kwa mashine nyingi swichi hiyo ndiyo hiyo hiyo inayoguswa na pipa likiyumba mno. Ukiiua, umeua na kinga ya kuyumba, pipa litagonga kabati mpaka livunje rodi zinazolining'iniza au lipasue mpira wa valvu.

MwanaMajengo

Hilo la kuyumba sikulijua. Lakini swichi mpya ya modeli yangu haipatikani.

MzeeWaSpana

Ifungue ile ya zamani. Mara nyingi ni bapa mbili za shaba zilizopata ukungu, au ulimi wa plastiki kwenye kifuniko umelika hausukumi sawasawa. Karatasi ya msasa namba 1000 kwenye nukta za mguso, halafu spirit. Pima kwa mlio wa mita: ukibonyeza ilie, ukiachia inyamaze. Zile za sumaku hazifunguliwi, hapo angalia kama sumaku ya kifuniko imedondoka.

NyumbaYaGanjoni

Na hii ya kujaza maji upya mara tatu ndipo ikamue, au ikate tamaa iandike UE? Sakafu ni ya vigae, mashine nimeiweka juu ya mbao ili isipate kutu.

FundiTudor

Ondoa mbao. Zikilowa hulainika, kila mguu unazama kwa kiasi chake, na mashine inayotaka kukamua inahitaji miguu minne iliyobeba sawa. UE ni kuyumba: imeona mzigo umeegemea upande, ikaweka maji ili izipange nguo tena. Bakuli la maji juu ya kifuniko litakuonyesha mteremko kama huna pima maji. Rekebisha miguu, kaza nati zake za kufungia, sukuma pembe moja baada ya nyingine, isichezecheze hata moja.

Kisha ikamue tupu. Ikiwa inatulia tupu na kuyumba na nguo, angalia unavyoipakia: blanketi moja zito peke yake halikamuliki vizuri, liongezee taulo upande wa pili, na mazulia ya mpira chini usiyatie kabisa, maji hayapiti. Ikiyumba hata tupu, ni rodi au ni ile pete ya plastiki juu ya dramu. Pete hiyo ina maji ya chumvi ndani, ndiyo inayosawazisha. Ikipasuka maji yake yakatoka, hakuna rodi itakayokuokoa. Itikise dramu kwa mkono usikilize: maji yacheza ndani ya pete, au kimya? Tazama michirizi myeupe iliyokauka chini yake.

Rodi ziko nne, moja kila pembe, zimelishika pipa la nje likining'inia. Bonyeza pipa chini kwa nguvu uachie: lipande na kutulia. Likiruka mara tatu nne, rodi zimekufa. Rodi hufanya kazi kwa msuguano wa kikombe cha plastiki na grisi yake, wala haitoshi kuona springi haijakatika. Badilisha zote nne pamoja, kwa sababu mpya moja na kuukuu tatu huliinamisha pipa. Angalia rangi au alama kabla ya kuzitoa, modeli nyingine za mbele na za nyuma hazilingani. Kuzitoa: fungua kifuniko cha juu cha kabati, inua pipa kwa mkono mmoja, kichwa cha rodi kinatoka kwenye kikombe chake pembeni. Mzigo uwe umetegwa na kipande cha mbao chini ya pipa, lisikuangukie. Kwenye kichwa paka grisi ya silikoni. Mafuta ya injini hapana, hufanya rodi itelezeshe pipa bila kulizuia.

MamaMtwapa

Ya mapipa mawili jamani. Upande wa kufua uko sawa, upande wa kukamua unalia tu na kapu halizunguki.

KapasitaNaMkanda

Mama yangu, hapo hakuna klachi wala mkanda. Mota ya kukamua iko chini ya kapu moja kwa moja, kwa hivyo orodha ni fupi. Plagi nje, fungua bamba la nyuma.

Kwanza breki. Kifuniko cha kapu kinavuta waya unaokwenda chini hadi kwenye kiatu cha breki kinachoshika gurudumu la mota. Funga kifuniko uangalie: kiatu kiachane na gurudumu kabisa. Waya ukilegea au ukiliwa na kutu, kiatu kinabaki kimeshika na mota inalia ikipigana nacho. Waya huo una mahali pa kuufupisha kwa tundu moja au kwa nati.

Pili kapasita ya kukamua, hii ni ndogo kuliko ya kufua, kwa kawaida mikrofaradi 4 hadi 6. Kuna mashine zenye kapasita mbili ndani ya kopo moja lenye waya nyingi, pima kila upande. Usishangae omu za mota hii zikikosa kulingana, haina haja ya kugeuka pande zote, kwa hivyo nyuzi zake mbili hazifanani.

Tatu, geuza kapu kwa mkono kifuniko kikiwa kimefungwa. Likiwa zito na lakwaruza, beringi za mota zimeingia maji. Sababu huwa ile sili ya mpira yenye mikunjo kwenye shafti, imepasuka, maji yakadondokea mota. Kubadilisha mota bila kubadilisha sili ni kununua mota mbili. Na kama mota yasikika inazunguka lakini kapu limesimama, tazama kiungo cha shafti: kina bolti mbili zenye nati. Zikilegea shafti hujizungusha bure. Zikaze zikae kwenye bapa la shafti, kisha nati.

MamaMtwapa

Waya wa breki umekatika nyuzi zote isipokuwa mbili. Naweza kutumia waya wa breki ya baiskeli?

KapasitaNaMkanda

Ndiyo, ule wa ndani mwembamba unafaa, mradi upite kwenye kapi lake bila kukwama na uwe na urefu sawa na wa zamani. Paka grisi kabla ya kuupitisha, la sivyo chumvi itauanza tena. Kisha hakikisha breki bado inashika: kifuniko kikifunguliwa, kapu lisimame ndani ya sekunde chache.

BambuliBoy

Mzee wa Spana, ilikuwa skrubu ya wenzo, sasa inakamua. Lakini kumebaki mngurumo mzito kasi ikipanda, na kuna tone la maji ya kahawia chini ya klachi. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi.

MzeeWaSpana

Hiyo ni sili ya juu ya klachi imepitisha maji, beringi imeanza kutu. Kwa nyingi ya hizi hupati beringi peke yake bila kuifungua klachi kwa presi, kwa hivyo wengi hubadilisha klachi nzima. Ukipata fundi mwenye presi, soma namba iliyo kwenye beringi yenyewe na uchague ya kufunikwa mpira pande zote mbili, pamoja na sili mpya. Beringi ya kifuniko cha bati haidumu hapa.

Utalazimika kuitoa dramu. Ng'oa kofia ya sahani, fungua bolti ya katikati, mara nyingi spana ya 10, uinue sahani kwa kamba mbili zilizopitishwa chini yake pande mkabala. Chini utakuta nati kubwa ya dramu, nyingi ni 38. Kabla hujaipiga nyundo tazama mshale uliochorwa juu yake, kwa sababu zote hazifunguki upande mmoja. Ikigoma, mimina dawa ya kulegeza kutu uiache ilale usiku kucha. Ukishaitoa dramu, igeuze uangalie ile flanji ya alumini chini, inayoiunganisha dramu na shafti. Kisima cha chumvi na dawa ya kung'arishia nguo huila mpaka inakuwa unga mweupe. Ichokoe kwa bisbisi: ikimeguka, usifunge klachi mpya juu ya flanji hiyo. Agiza flanji pia, na bolti za chuma kisichoshika kutu.